Mapigo Niliyoyaondoa

Ti. Ti. Ti-ti. Kisha kimya, kirefu kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha ti-ti-ti za haraka, kama miguu ya mtu aliyechelewa akipanda ngazi, na kimya tena.

Sauti hiyo ilitoka kwenye mashine ya kupima presha ya akina mama wa kanisa letu, Jumapili moja baada ya ibada, katika chumba cha nyuma kunakowekwa viti vya plastiki na sufuria za harusi. Mkono uliofungwa ukanda ulikuwa wa mama yangu. Kwa karibu mwaka mzima mashine hiyo haikuwa imetoa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza izimwe. Asubuhi hiyo katibu wa kikundi alikuwa amebadilisha betri, na mashine, ikiwa imesahau amri zangu, ikarudia tabia iliyotoka nayo kiwandani: kulia mara moja kwa kila pigo la moyo.

"Haki ya Mungu, imeokoka!" katibu akasema. "Imeanza kuimba."

"Inaimba lakini wimbo haiujui," akadakia mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Sikia vile inaruka beti."

"Si beti," mama yangu akasema, "ni moyo wangu unacheza kwa furaha ya Bwana." Akacheka kwa nguvu, ukanda ukatikisika, na kiooni likatokea neno la kosa.

"Rudia," akasema katibu bila kuinua macho, na kwa mazoea akaitazama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati, kana kwamba imenong'ona jibu.

Karatasi hiyo niliiandika mimi. Hapa mtaani kwetu, Tena, mtu akishasema kwamba anasoma mambo ya moyo, hakuna anayeuliza ameyasoma hadi wapi. Mtaa mzima humpa koti jeupe siku hiyo hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fiziolojia. Sijawahi kumtibu hata kuku. Lakini kikundi kiliponunua mashine na kuniomba niwaandikie utaratibu wa kuitumia, sikusema kwamba hilo si jukumu langu. Nilikwenda nyumbani nikaandika sheria tano, nikazichapisha, nikazifunika kwa plastiki ili mvuke wa chai usiziharibu. Pimeni mara tatu. Kipimo kinachotofautiana sana na vingine kiachwe. Andikeni wastani wa vilivyobaki. Mashine ikionyesha kosa, anzeni upya. Sauti izimwe, kwa maana inawasumbua wanaosubiri.

Nilijivunia karatasi hiyo kwa namna ambayo sasa naijutia. Nimewaona watu wa kanisa letu wakivunja amri kumi kabla ya chai kuchemka, lakini zangu tano hawakuwahi kuvunja hata moja. Laiti wangekuwa wakaidi kidogo. Mtu mmoja mkaidi, aliyechoka kurudia na kuuliza kwa nini mkono wa mwenzake hukataa kupimika kila Jumapili, angekuwa na thamani kuliko tasnifu yangu nzima.

Mtu huyo, kwa kiasi fulani, alikuwepo. Katibu wetu ni karani mstaafu wa mahakama. Miaka yake ya kazi ilipita katika korti ya Makadara akiandika yaliyosemwa na yaliyokanushwa. Nilipomwomba daftari la vipimo siku hiyo, alinipa kwa mikono miwili kama anayekabidhi kielelezo cha kesi. Safu ya mama ilikuwa nzuri ajabu: wastani uliotulia, wiki baada ya wiki. Lakini pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na herufi ndogo R.

"Hii R ni nini?" nikamuuliza.

"Ni rudia. Kila mahali tulirudia, naweka R."

"Mbona? Sikuagiza hivyo."

"Mwanangu, kortini hakifutwi kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja, na kilicho chini kionekane. Nyinyi wa chuo ndio mnafuta."

Hakusema kwa ubaya. Akina mama wengine walikuwa na R moja hapa, moja pale. Mama yangu alikuwa nazo kila Jumapili tangu baada ya Pasaka, siku nyingine mbili, siku nyingine tatu. Karani aliyefundishwa kutofuta alikuwa ameuhifadhi ugonjwa wa mama yangu kwa wino mwekundu, na msomi aliyefundishwa kutafuta ukweli alikuwa ameuandikia sheria ya kuufukuza.

Jioni, jua likiwa bado linaangaza dirishani, nilimlaza mama kwenye kochi, nikaweka sikio kifuani mwake na vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Kifuani nilisikia mapigo mengi kuliko yaliyofika mkononi. Nilijua maana yake, na ndilo jambo linaloniudhi hadi leo: nilijua vizuri sana. Moyo ukipiga upesi mno baada ya pigo lililotangulia, vyumba vyake vya chini huwa havijajaa damu. Milango hujifunga kwa kishindo lakini hakuna cha kusukumwa. Sikio husikia pigo, mkono haupati kitu.

"Unasikia nini huko?" mama akauliza.

"Nasikiliza tu."

"Basi sikiliza upesi, nina suruali nne za kupunguza."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeinua simu dakika hiyo. Mimi nilifungua kompyuta, nikachora jedwali la visababishi: presha ya muda mrefu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa madini katika damu, pombe, ubovu wa milango ya moyo, uzee. Mbele ya kila kimoja niliweka safu ya ushahidi unaokubali na ushahidi unaokataa. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na chai, akihema kama aliyebeba gunia.

Naona nimeanza kujieleza vibaya, maana sijamtaja mtu niliyestahili kumpigia. Tasnifu yangu inahusu mabadiliko madogo ya mwendo wa moyo kati ya pigo na pigo. Ili kuyapima, programu niliyoiandika huondoa kwanza mapigo yote yasiyo ya kawaida, yale yanayokuja mapema, yanayochelewa, yanayokuja makundi makundi, na kuacha mstari safi. Niliyaita kelele. Miezi mitano kabla ya Jumapili ile niliwasilisha kazi hiyo kwenye semina ya idara. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa daktari bingwa wa moyo, mzee wa sauti ndogo, ambaye kliniki yake ndiyo iliyotupatia michoro ya wagonjwa. Alisubiri nimalize, akauliza, "Haya mapigo uliyoyaondoa, umeyapeleka wapi?"

"Nimeyaondoa tu, daktari. Yalikuwa yanaharibu wastani."

"Yalikuwa ya nani?"

Watu wakacheka kidogo. Nikajibu kitu kuhusu kanuni za takwimu. Akaandika namba yake ya simu nyuma ya nakala yangu, akasema, "Ukijua yalikuwa ya nani, nipigie." Nilitoka nikiwaambia wenzangu kwamba wazee wa stethoskopu huogopa hesabu. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita korido ya nyuma ili nisikutane naye. Kwenye simu nilimhifadhi kwa jina la Mzee wa Kelele, na nikaona hilo ni jambo la kuchekesha.

Sasa nilihitaji hasa mtu wa namna hiyo, na kumpigia kulikuwa na maana ya kutamka kwa mdomo wangu kwamba nimefanya kosa lile lile mara mbili, mara moja kwa wagonjwa wake, mara nyingine kwa mama yangu.

Kwa hiyo Jumatatu nilimpeleka mama zahanati. Muuguzi alimpima, akakunja uso, akapima tena, kipimo cha pili kikamfurahisha. "Presha iko sawa, mama. Punguza mawazo." Nilieleza kuhusu mapigo ya kifuani na ya mkononi. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyewaona wengi wa aina yangu, akaandika barua ya rufaa ya mchoro wa umeme wa moyo, na tarehe tuliyopewa ilikuwa mbali kiasi kwamba mama aliuliza kama ni ya mwaka huu.

Njiani tulipita kwenye duka la dawa. Kijana wa kaunta hakuhitaji hata mashine.

"Niaje, Prof? Mathe wako anaskia aje?"

"Moyo unamwenda mbio."

"Hiyo ni gesi, siz. Gesi hupanda, inasukuma moyo. Mpatie hii nyeupe, vijiko viwili."

Mama akainunua. Nilipomwambia haina kazi, akasema kijana huyo angalau humwambia jambo moja, na mimi humwambia mambo saba. Jirani wa ghorofa ya chini naye alikuwa na lake: ni mawazo ya mtoto asiyemaliza kusoma. "Wenzake wameolewa, yeye bado anahesabu mioyo ya watu." Nilidharau yote hayo, dharau safi, iliyonoleka. Lakini nikiyapima kwa haki, gesi na mawazo hayakuwa upuuzi zaidi ya jedwali langu. Sote tulikuwa tumepata namna ya kutofanya lolote. Yangu tu ndiyo iliyokuwa na mistari iliyonyooka.

Jumanne mama mwenyewe alinijazia jedwali, bila kujua. Alikuwa akipinda suruali kwa mkono, nami nikimuuliza maswali ya utoto wake kama mpelelezi: uliwahi kuvimba viungo?

"Ee, nikiwa darasa la tatu. Goti hili, likapoa, ikahamia goti lile, ikaja kiwiko. Nilibebwa mgongoni kwenda shule."

"Kabla ya hapo uliumwa na koo?"

"Koo lilikuwa linaniuma kila msimu. Ndiyo nikakatwa kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu Ukambani mtoto aliyesumbuliwa na koo alipelekwa kwa fundi wa kukata. Alishikwa kichwa, akafunguliwa mdomo, kikaondoka. Mama alinifungulia kinywa chake karibu na dirisha, kwa fahari kidogo, nikaona pengo nililoishi nalo nyumba moja maisha yangu yote bila kuuliza. "Na koo likapona?" nikasema.

"Lilipona! Sema magoti yakaja baadaye."

Vijidudu vya koo havikai kwenye kilimi. Walikata kilichoonekana, wakaacha kilichoumiza. Mwili wa mtoto uliunda askari wa kupigana na vijidudu hivyo, na askari hao, wakiwa na haraka na macho mabaya, wakashambulia pia viungo na milango ya moyo, kwa sababu inafanana kidogo na adui. Viungo vilipoa. Mlango mmoja wa moyo ulibaki na kovu, na kovu hukaza kwa miaka. Chumba kilicho juu yake, kikilazimika kupitisha damu kwenye mlango unaozidi kuwa mwembamba, kikatanuka kama mfuko wa koti unaotiwa vitu kila siku. Na nyama iliyotanuka huota nyuzi za kovu humo ndani.

Hapo ndipo umeme huharibika. Moyo wenye afya hutii kituo kimoja: kikundi kidogo cha seli zinazojichaji zenyewe na kujiachilia, tena na tena, bila kusubiri ubongo. Wimbi lake husambaa katika vyumba vya juu mara moja, husimamishwa kidogo kwenye kizingiti cha katikati ili damu imalize kushuka, kisha huteremka chini. Lakini wimbi likikutana na uzi wa kovu hupasuka. Nusu yake hulizunguka kovu, na ikirudi ilikoanzia hukuta seli zimekwisha kupumzika, tayari kuwashwa tena. Basi huendelea kujifuata mkia. Yakiwa mawimbi mengi ya namna hiyo, chumba hakikazi tena, hutetemeka tu.

Wanaouza mitumba karibu na kibanda cha mama sokoni wanafahamu jambo hili kuliko darasa langu. Siku za kawaida wateja huja mmoja mmoja. Siku ya kufunguliwa bale jipya la nguo, watu mia hurukia mlango wa kibanda kwa pamoja, na mlango hupitisha anayebahatika: wawili, kisha hakuna, kisha watatu waliokanyagana. Mlango huo ndio kizingiti cha moyo. Ndiyo sababu ya ti, ti, ti-ti na kimya.

Kutetemeka si jambo baya kuliko yote. Baya ni kwamba damu isiyosukumwa hutuama kwenye kona ya chumba hicho, na damu iliyotuama huganda. Siku moja donge hung'oka, hushika njia ya shingo hadi ubongoni, na mtu aliyekuwa akipiga pasi anaanguka na upande mmoja wa mwili uliokufa. Dawa za kuzuia kuganda zipo. Zinahitaji mchoro wa kuthibitisha, na daktari wa kuziandika.

Nililijua hilo lote Jumanne saa kumi alasiri. Jumatano nilimwandikia daktari ujumbe. Nikaufuta. Nikaandika wa pili, uliojieleza zaidi. Wa tatu, uliojieleza kidogo. Wa sita ulikuwa na tanbihi. Niliwaza kama nianze na mama au na tasnifu, kama kusema "nadhani" ni unyonge au ni uaminifu. Nimewahi kuwacheka watu wanaoombea ugonjwa badala ya kwenda hospitali. Maombi yao angalau huisha, wakainuka.

Alhamisi nilifuatana na mama hadi soko la Gikomba, kwenye kibanda chake cha kupunguza suruali, ubavuni mwa mafundi wa mbao. Nilijiambia nakwenda kumwangalia. Palikuwa na misumeno, nyundo, watu wa mikokoteni wakipiga mbinja wapishwe. Mama aliketi kwenye cherehani, akalamba ncha ya uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano ya mkono. Ukapita kando. Akaulenga tena. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimelegea kama vya mtu mwingine, uzi ukaanguka. Mama ambaye huingiza uzi akiongea na mteja, akiangalia barabara, akahangaika nao kama mwanafunzi.

"Mkono umelala," akasema polepole. Neno la mwisho lilitoka nene.

Nilisimama. Nililiona jedwali langu lote, safu zote mbili, na halikuwa na mahali pa kuandika hilo. Nikahesabu, kwa aibu, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine: dakika moja, mbili, tano. Kabla ya dakika kumi vidole vilirudi. Uzi ukaingia mara moja.

"Umeona? Umeamka," akasema, na maneno yake yalikuwa yamenyooka. "Nipe hiyo suruali ya buda wa jana, yule mzee."

Nilipiga simu nikiwa nimesimama pale pale, kidole kimoja kimeziba sikio. Sentensi ya kuanzia nilikuwa nayo tangu Jumapili: daktari, nimejua yalikuwa ya nani.

"Haloo?"

"Daktari, ni mimi, wa semina ya idara ya fiziolojia. Yule aliyeondoa mapigo."

"Nani?"

Nikataja jina, mwezi, mada. Nyundo za mafundi ziliendelea kugonga.

"Samahani, binti, semina ni nyingi. Nani anaumwa?"

Miezi mitano ya korido ya nyuma. Mzee hakunikumbuka hata kidogo.

"Mama yangu," nikasema. "Mapigo hayana mpangilio, mengi kifuani kuliko mkononi. Utotoni alivimba viungo baada ya koo. Sasa hivi mkono wa kulia umelegea na ulimi umekuwa mzito, kwa dakika chache. Vimerudi."

"Mapigo hayo mmeyaona tangu lini?"

"Niliyasikia Jumapili. Lakini yameandikwa tangu Pasaka. Mimi ndiye niliyesema yaachwe."

"Hilo utaniambia baadaye. Yuko hapo? Mwangalie usoni. Mwambie acheke."

"Mama, cheka."

"Nicheke nini? Ni nani huyo, ni mchumba?" Akacheka, pande zote mbili za mdomo. "Muulize kama suruali zake ni ndefu, nimpunguzie."

"Anacheka vizuri, daktari."

"Ainue mikono yote miwili, afunge macho, aishikilie hapo."

Nikamwambia. Mama alinitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliona uso wangu vizuri, kwa maana hakutania. Akafumba macho, akainua mikono juu ya cherehani, sindano ikining'inia kwenye uzi katika mmoja, suruali ya mteja katika mwingine.

"Haleluya!" fundi mmoja wa mbao akaguta kutoka ng'ambo, na wenzake wakacheka.

Mikono ikakaa hewani. Niliikodolea macho nikitafuta tofauti ya hata nusu inchi.

"Iko sawa?" daktari akauliza.

"Iko sawa."

"Basi tafuta gari, umlete hapa kliniki sasa hivi. Asitembee. Na usipime kitu kingine njiani."